Kijazio Kimoja, Matokeo Mawili: Umeme na Joto katika Polietilini Yenye Vijazio Pitishi

Ikisiri

Polietilini ni kihami: huzuia umeme karibu kabisa na hupitisha joto kwa shida. Makala haya yanaeleza kinachotokea inapochanganywa na vijazio pitishi kama masizi ya kaboni, kinywe na mirija-nano ya kaboni. Hoja kuu ni kwamba umeme na joto havifuati kanuni moja. Kiasi kilekile cha kijazio kinachopunguza ukinzani wa umeme mara bilioni mia moja au zaidi kinaweza kuongeza upitishaji wa joto kwa chini ya nusu tu. Kwa sababu hiyo, zabuni na viwango vya ukanda wetu havina budi kupima sifa za bidhaa iliyokamilika, badala ya kutaja rangi yake au asilimia ya kijazio kilichomo.

Utangulizi

Katika mijadala ya sera ya Afrika Mashariki, polietilini imejulikana zaidi kwa sura ya mfuko. Rwanda ilipiga marufuku mifuko hiyo mwaka 2008, Kenya mwaka 2017 na Tanzania mwaka 2019. Sokoni mfuko huo uliitwa nailoni, ingawa nailoni ni polima nyingine kabisa. Mfuko umeondoka, lakini polietilini imebaki, tena pale ambapo hitilafu yake ina gharama kubwa zaidi: katika mabomba ya maji yaliyofukiwa, matangi ya kuhifadhia maji, kebo za umeme zipitazo chini ya barabara za miji, na mabomba ya mafuta katika vituo vya petroli.

Bidhaa nyingi kati ya hizo ni nyeusi. Weusi huo hutokana na kaboni, na kaboni hupitisha umeme. Hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, kwa maana mnunuzi anayeona bomba jeusi anaweza kudhani kwamba nalo linapitisha umeme. Mabomba meusi yaliyo mengi hayapitishi. Mengine hupitisha, na yalitengenezwa hivyo kwa makusudi. Jicho haliwezi kutofautisha aina hizo mbili, na katika kituo cha mafuta au ndani ya mgodi tofauti hiyo yaweza kuwa tofauti kati ya kazi ya kawaida na moto.

Kwa nini polietilini ni kihami

Polietilini iligunduliwa pasipo kutafutwa tarehe 27 Machi 1933, pale Eric Fawcett na Reginald Gibson, wakemia wa kampuni ya ICI huko Winnington, Uingereza, walipokuwa wakichunguza tabia ya gesi ya ethilini chini ya shinikizo kubwa sana. Uzalishaji wa kiwandani ulianza mwaka 1939, na kazi yake ya kwanza kubwa ilikuwa kuhami kebo za rada wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ilifaa kwa kazi hiyo kwa sababu ya umbo lake la ndani. Molekuli yake ni mnyororo mrefu wa kaboni na hidrojeni, ambamo kila elektroni imefungwa katika kiungo chake. Hakuna elektroni iliyo huru kutembea. Ukinzani mahsusi wake hufika kiwango cha omu-mita 10¹⁴ hadi 10¹⁶.

Kwa upande wa joto, hali si kali kiasi hicho. Polietilini hupitisha joto kwa kiwango cha wati 0.3 hadi 0.5 kwa kila mita kwa kelvini moja, ilhali shaba hupitisha takriban 400. Katika polima joto halibebwi na elektroni bali na mitetemo ya atomi, na mitetemo hiyo hutawanyika kila inapokutana na mnyororo uliojikunja au mpaka kati ya sehemu yenye fuwele na isiyo na fuwele. Yafaa kusisitiza kwamba mnyororo wenyewe hauna kasoro. Kasoro ni vurugu ya mpangilio. Mwaka 2010, watafiti wa chuo cha MIT cha Marekani walivuta uzi mwembamba mno wa polietilini hadi minyororo yake ikanyooka upande mmoja, nao ukapitisha joto kwa takriban wati 104 kwa mita kwa kelvini. Kiasi hicho kinazidi kile cha metali nyingi. Kwa bahati mbaya, bomba haliwezi kutengenezwa kwa uzi wa namna hiyo, na ndiyo maana viwanda hukimbilia vijazio.

Umeme: kuvuka kijito kwa mawe

Chukua mfano wa kijito kisicho na daraja. Mtu akitupa jiwe moja majini, hawezi kuvuka. Akitupa kumi, bado hawezi. Lakini mawe yakizidi kuongezwa hufika jiwe moja ambalo, likishawekwa, mapengo yote yanakuwa mafupi kuliko hatua ya mtu, na ghafla njia inapatikana kutoka ukingo hadi ukingo. Jiwe hilo la mwisho halikuwa na ubora wowote zaidi ya yaliyotangulia. Idadi tu ndiyo iliyofika.

Chembe za kaboni ndani ya polietilini hufanya vivyo hivyo. Zikiwa chache, kila moja imezingirwa na kihami, na mchanganyiko hubaki kihami. Zikifika kiasi fulani, ambacho hapa tutakiita kizingiti, mtandao unaounganika hujitokeza na ukinzani huporomoka mara bilioni nyingi ndani ya nyongeza ya asilimia chache. Wala si lazima chembe zigusane: elektroni huweza kuruka pengo la nanomita chache. Hisabati ya mitandao ya aina hii iliasisiwa na Simon Broadbent na John Hammersley mwaka 1957, na mwaka 1970 Harvey Scher na Richard Zallen walionyesha kwamba kwa chembe za duara zilizotawanyika ovyo kizingiti huwa karibu na asilimia 16 ya ujazo.

Lakini chembe halisi hazina umbo la duara kamili. Masizi ya kaboni huundwa na vitone vidogo vilivyoshikamana katika vishada vyenye matawi, na kadiri matawi yanavyokuwa mengi ndivyo kizingiti kinavyoshuka. Kwa masizi ya kawaida huenda ikahitajika zaidi ya asilimia 15 ya uzito. Kwa masizi yenye matawi mengi, asilimia chache zaweza kutosha. Mirija-nano ya kaboni, ambayo ilivuta macho ya dunia baada ya ripoti ya Sumio Iijima ya mwaka 1991, ni mirefu na myembamba kiasi kwamba hata asilimia moja au mbili huweza kuunda mtandao, mradi itawanyike vizuri. Sharti hilo la mwisho ni gumu kuliko linavyosikika. Mirija hiyo hupenda kushikamana kama nyuzi za katani zilizolowa, na nguvu inayotumika kuitenganisha ndiyo pia inayoikata.

Hivyo basi, kauli kwamba plastiki fulani ina asilimia 10 ya kaboni haielezi chochote kuhusu umeme. Kwa aina moja ya kaboni plastiki hiyo ni kipitishi. Kwa aina nyingine ni kihami.

Joto: kwa nini hakuna mporomoko

Mtu aliyeona ukinzani wa umeme ukiporomoka hutarajia joto nalo lipate njia yake ghafla. Halipati. Sababu ya kwanza ni uwiano kati ya kijazio na polima. Kwa umeme, kaboni huipita polietilini kwa zaidi ya mara milioni ya milioni. Karibu mkondo wote hauna budi kupita katika mtandao wa kaboni, kwa kuwa nje yake hakuna njia. Kwa joto, hata kinywe kizuri kinachopitisha mamia ya wati kwa mita kwa kelvini huipita polietilini kwa chini ya mara elfu moja au zaidi kidogo. Joto linavuja kila mahali, ndani ya polima na nje ya mtandao. Kwa mfano wetu wa kijito, ni kama maji yenyewe yangekuwa na kina cha magotini: mawe yanamsaidia mvukaji, lakini hata kabla ya mawe alikuwa anavuka.

James Clerk Maxwell alitoa katika kitabu chake cha mwaka 1873 kanuni inayoonyesha ukomo wa jambo hili. Tuchukulie chembe za duara zilizotawanyika mbalimbali, na tuzipe upendeleo wa juu kabisa kwa kudhani kwamba zinapitisha joto bila kikomo. Zikichukua asilimia 20 ya ujazo, upitishaji wa mchanganyiko mzima hugeuka kuwa 1.4 gawanya kwa 0.8, yaani mara 1.75 ya ule wa polima tupu. Zikichukua asilimia 30, ni mara 2.3 hivi. Hata tukisaga almasi, maadamu chembe zimetengana, hatupati zaidi ya hapo.

Sababu ya pili iko kwenye mpaka. Pale mitetemo inapotoka kwenye kaboni ngumu kuingia kwenye polima laini, sehemu yake hurudi nyuma. Pyotr Kapitza alipima ukinzani wa aina hii mwaka 1941 kati ya metali na heliamu ya kimiminika, na jina lake limebaki. Kadiri chembe inavyokuwa ndogo ndivyo mipaka inavyokuwa mingi katika ujazo uleule. Ndiyo maana mirija-nano na grafini, ambazo kila moja peke yake hupitisha joto kwa maelfu ya wati, huwavunja moyo wengi zikishachanganywa na plastiki. Kwa maoni yangu, ahadi nyingi zinazotolewa kwa jina la nano katika maombi ya fedha za utafiti zingepungua iwapo wasomaji wa maombi hayo wangeuliza swali moja tu: mipaka ni mingapi kati ya upande wa joto na upande wa baridi?

Ushahidi ulio wazi zaidi umo katika viwango vya kebo vinavyotumika kila siku. Kebo ya volti ya kati au ya juu ina tabaka jembamba jeusi linalozunguka waya, na jingine juu ya kihami, ili uga wa umeme usambae sawasawa na kuzuia cheche katika vijipengo. Matabaka hayo ni polietilini au polima ya jamaa yake, yenye masizi ya kaboni yanayokaribia theluthi moja ya uzito. Kiwango cha IEC 60502 kinataka ukinzani mahsusi wa tabaka la ndani usizidi omu-mita 1,000, na wa tabaka la nje usizidi 500. Kihami kilicho kati yao kiko juu ya 10¹⁴. Kwa joto, kiwango cha IEC 60287, ambacho wahandisi hukitumia kukokotoa mkondo unaoruhusiwa katika kebo, huipa polietilini iliyofungamanishwa ukinzani wa joto wa kelvini-mita 3.5 kwa wati, na matabaka hayo nusu-pitishi 2.5. Umeme umebadilika mara bilioni mia moja kwa uchache; joto limebadilika mara 1.4. Ukokotoaji wa Maxwell kwa kiasi hicho cha masizi, ambacho ni takriban moja ya tano ya ujazo, ungeruhusu mara 1.8 hivi. Kilichopungua kimeishia mipakani na ndani ya masizi yenyewe, ambayo si kipitishi bora cha joto.

Uelekeo, uchanganyaji na joto la kazi

Ili kuongeza joto kwa kiasi cha maana, kijazio hakina budi kuwa kingi, chenye vipande vikubwa, na vyenye kugusana. Magamba ya kinywe yakifika asilimia 30 ya ujazo au zaidi huweza kuipandisha polietilini hadi wati kadhaa kwa mita kwa kelvini. Lakini gamba ni bapa, na joto hupita katika ubapa wake kwa urahisi mkubwa kuliko kupita katika unene wake. Plastiki inaposukumwa katika tundu la mashine ya kutengeneza bomba, magamba hulala sambamba na ukuta, kama makuti yanavyolala juu ya paa. Matokeo yake ni kwamba joto hutembea vizuri kuufuata urefu wa bomba, huku likizuiwa kuvuka ukuta. Katika bomba la kubadilishana joto, kuvuka ukuta ndiyo kazi yenyewe. Muuzaji anayetangaza kipimo kimoja pasipo kutaja uelekeo ametangaza, kwa kawaida, kile kilicho kikubwa zaidi.

Uchanganyaji nao una upande wake. Ukichanganya kidogo, madonge hubaki. Ukichanganya mno, vishada vya masizi huvunjika na kizingiti hupanda. Chembechembe zilezile kutoka mfuko mmoja zaweza kutoa ubao unaopitisha umeme zikishinikizwa taratibu, na kopo lisilopitisha juu ya uso wake zikidungwa kwa kasi katika kalibu. Hivyo cheti cha malighafi hakithibitishi chochote kuhusu bidhaa.

Halafu kuna halijoto. Polietilini nzito huyeyuka karibu na nyuzi 130 za selisiasi. Inapokaribia hapo, fuwele zake hulegea, ujazo hutanuka, chembe za kaboni husogea mbali, na ukinzani hupanda tena mara maelfu au hata mamilioni. Tabia hii imegeuzwa kuwa faida: kuna kebo za kupasha mabomba joto ambazo hujipunguzia umeme zenyewe zinapopata moto, na kuna fyuzi zinazojirudisha baada ya kupoa. Kwa tabaka la kebo ni hatari. Kebo yenye polietilini iliyofungamanishwa huruhusiwa kufanya kazi hadi nyuzi 90, na kwa sababu hiyo vile vipimo vya 1,000 na 500 hufanywa kwenye nyuzi 90, tena hata baada ya sampuli kuzeeshwa. Kipimo kilichofanywa katika chumba chenye nyuzi 25 hakitoshi.

Bomba jeusi si lazima liwe bomba pitishi

Kiwango cha ISO 4427 cha mabomba ya maji kinataka masizi ya kaboni asilimia 2 hadi 2.5 ya uzito. Kazi ya masizi hayo ni kufyonza miale ya urujuanimno ya jua ili plastiki isipasuke, na kiasi hicho kiko chini kabisa ya kizingiti cha umeme. Bomba jeusi lenye mstari wa buluu, linaloonekana katika kila duka la vifaa vya ujenzi kuanzia Kisangani hadi Mombasa, ni kihami.

Petroli inayopita katika bomba la namna hiyo huzalisha umemetuli kwa msuguano, na umeme huo hauna pa kwenda. Mvuke wa petroli uliochanganyika na hewa huweza kuwashwa na cheche yenye takriban theluthi moja au robo ya milijuli, nguvu ambayo mtu hata asingeihisi kidoleni. Viwango vya vifaa vya mazingira yenye gesi zinazolipuka, hasa IEC 60079-0, vimeweka njia mojawapo ya kinga kuwa ukinzani wa uso usiozidi omu 10⁹. Ili kuufikia kwa masizi, plastiki lazima ivuke kizingiti. Ndiyo maana mabomba ya polietilini ya vituo vya mafuta yametengenezewa aina zenye tabaka la ndani linalopitisha umeme, ambalo sharti liunganishwe na ardhi. Tahadhari hiyohiyo inahusu mabomba ya hewa katika migodi yenye gesi au vumbi linalolipuka. Mtu wa manunuzi anayeandika "bomba jeusi la polietilini" na kuishia hapo ameacha uamuzi wa usalama mikononi mwa muuzaji.

Kinywe cha nyumbani

Ukanda huu una kinywe. Mgodi wa Balama katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, ulianza kuzalisha mwaka 2017, na upande wa Tanzania kuna mashapo makubwa Mahenge mkoani Morogoro na Ruangwa mkoani Lindi. Mazungumzo ya kuongeza thamani yamejikita kwenye betri, na ni sahihi. Hata hivyo pendekezo la kutumia kinywe katika plastiki za viwanda vyetu husikika mara kwa mara, nalo linastahili jibu linalotofautisha.

Kwa umeme, kinywe cha magamba si mshindani wa masizi yenye matawi. Huhitajika kingi zaidi kufikia kizingiti, na kila nyongeza huifanya polietilini kuwa ngumu, yenye kuvunjika upesi na nzito kupita mashineni. Kwa joto, hali inageuka: gamba kubwa lina mipaka michache, na hakuna kijazio cha kaboni kinacholikaribia kwa bei. Soko lake ni makasha ya taa za LED na ya vibadilisha-umeme vya sola, sahani za kupozea maziwa, na vibadilishi-joto vya maji ya chumvi ambamo metali huliwa na kutu, mradi halijoto isizidi ile ambayo polietilini huistahimili. Pale ambapo joto linatakiwa lipite na umeme uzuiwe, kinywe hakifai hata kidogo. Hutumika alumina au nitridi ya boroni. Mshauri wa sera anayeulizwa kuhusu kiwanda cha "plastiki za kinywe" na aulize kwanza kama bidhaa inauzwa kwa sababu ya umeme au ya joto.

Kuna pia uwezekano katika plastiki zinazorejelezwa. Masao Sumita na wenzake wa Japani walionyesha katika miaka ya mwanzo ya 1990 kwamba masizi yakiwekwa katika mchanganyiko wa polietilini nzito na polipropilini, hukusanyika ndani ya polietilini. Ikiwa polietilini yenyewe imeunganika pande zote, mtandao hupatikana kwa masizi machache kuliko ambavyo yangehitajika katika polima moja. Mchanganyiko huohuo wa polima mbili ndio kero ya warejelezaji wetu, wasioweza kuzitenganisha kwa bei nafuu. Makreti na sakafu za kuzuia umemetuli zingeweza kutengenezwa humo, ingawa uwiano wa taka hubadilika kila mzigo, na kila mzigo utahitaji kupimwa.

Nini kiandikwe katika zabuni

Hati ya manunuzi itaje ukinzani wa juu unaokubalika, wa uso au wa ujazo, na halijoto ya kuupimia. Palipo na suala la joto, itaje upitishaji wa chini unaokubalika na uelekeo wake: kuvuka ukuta au kuufuata. Sampuli zikatwe kutoka bidhaa iliyofika bandarini au iliyotoka kiwandani, kwa uchache kutoka mwanzo na mwisho wa kila mzigo, kwani masizi yaweza kutawanyika vibaya katika sehemu moja ya uzalishaji na vizuri katika nyingine. Asilimia ya kaboni ibaki kuwa sharti kwa ajili ya jua pekee.

Vifaa vya kupima ukinzani wa umeme ni vya gharama ambayo TBS, KEBS, UNBS, RSB na taasisi wenza za Burundi na Kongo zinaweza kuimudu, na fundi wa maabara hujifunza kuvitumia kwa muda mfupi. Kipimo cha joto ni ghali zaidi na kinahitaji mikono iliyozoea. Kwa hicho, maabara moja inayotambuliwa na nchi zote za Jumuiya ingetosha kwa sasa, mradi cheti chake kipokelewe katika kila mpaka bila sampuli kupimwa upya.